Jina Kabla ya Tangazo: Chapa na Mitandao ya Kijamii Kutoka Kariakoo Hadi Mnyuzi

Katika mijadala ya biashara nchini Tanzania, mafanikio ya kujitangaza kwenye mitandao ya kijamii hupimwa zaidi kwa idadi ya wafuasi na kwa mshindo ambao chapisho limeuamsha, ilhali swali lililo zito zaidi, yaani ni kitu gani mnunuzi anabaki nacho kichwani baada ya mshindo huo kutulia, huulizwa mara chache. Kitu hicho ndicho wataalamu wa masoko wanachokiita chapa: jumla ya jina, alama na sifa zinazomwezesha mnunuzi kuitambua bidhaa moja kati ya nyingi zinazofanana nayo, kuirudia, na kumshauri mwenzake ainunue. Uchambuzi huu unashikilia kwamba mtandao wa kijamii hulisafirisha jina lakini haulizai, na kwamba tofauti hiyo, isiyoonekana sana kwa anayeitazama biashara akiwa Dar es Salaam, hudhihirika mtu anapoutazama uchumi wa mahali kama Mnyuzi, ambako bidhaa huingia zikiwa na majina makubwa na kutoka zikiwa hazina jina lolote.

Mnyuzi ni kata ya Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, katika ukanda wa chini ya Milima ya Usambara ulio kati ya mji wa Korogwe na Muheza, karibu na Hale, ambako kituo cha kufua umeme wa maji kilianza kazi mwaka 1964. Si mahali palipojificha. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, inapita hapo, na katika eneo hilo hilo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Ruvu iliyofunguliwa mwaka 1963 kuiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Upande wa barabara, njia panda ya Segera, wilayani Handeni, inakutanisha magari ya Tanga, ya Dar es Salaam na ya Moshi na Arusha. Kwa hiyo eneo hili la Wabondei, Wasambaa na Wazigua limezoea kwa zaidi ya karne moja kupitiwa na mizigo, na mkonge wake umefika masoko ya mbali kabla hata simu haijafika kijijini. Kilichokosekana siku zote ni jina la mahali penyewe juu ya mzigo.

Utangazaji wa biashara, kwa upande wake, haukuanza na intaneti. Kanga zilibeba maneno na alama za wauzaji wake tangu zama za wazee, na chapa ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ambayo asili yake ni mwaka 1887, bado inatambuliwa na wanawake wa pwani kwa kuitazama tu pindo. Redio ilizifikisha sabuni na sigara vijijini, gari la matangazo lilizunguka na spika juu ya paa, na mpiga debe wa stendi aliuza safari kwa sauti yake mwenyewe. Mpiga debe anastahili kutajwa kwa heshima katika uchambuzi wa aina hii, kwa sababu kazi yake ina sehemu mbili ambazo mitandao ya leo imezitenganisha: anaita watu, kisha anamshika mteja mkono na kumfikisha hadi kwenye kiti chake. Kampuni nyingi zinazolipia matangazo mitandaoni huinunua sehemu ya kwanza pekee, na hushangaa kwa nini basi halijai.

Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zinaonyesha kwamba usajili wa huduma za intaneti ulivuka milioni 40 mwaka 2024, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu wapatao milioni 61.7. Idadi hiyo ni kubwa, lakini inahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa kinachohesabiwa ni laini na si watu, na Watanzania wengi wana laini zaidi ya moja, za mitandao tofauti. Zaidi ya hapo, kuwa na laini yenye intaneti si sawa na kuwa na simu janja, na vijijini simu ya kitochi bado ina nafasi yake, kwa sababu ya bei na kwa sababu chaji yake hukaa siku nyingi. Mwezi Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika maeneo ya vijijini, jambo linalothibitisha kwamba hata mtandao wenyewe bado unajengwa. Kwa mtu anayepanga mkakati, ukweli huu una matokeo ya moja kwa moja: mnunuzi wa kijijini hununua bando dogo, hulitumia kwa hesabu, huahirisha video ndefu, lakini picha moja yenye bei iliyoandikwa juu yake huifungua bila kusita.

Ndiyo maana ramani ya mitandao inayochorwa kwa kufuata nchi tajiri haifai kuhamishiwa hapa bila marekebisho. Instagram, iliyoanzishwa mwaka 2010, imekuwa dirisha la maduka ya Kariakoo na Sinza, mahali pa kuonyeshea nguo, viatu, samani na vipodozi. Facebook ingali na watu wengi, hasa wa mikoani na wenye umri wa makamo. TikTok imekuwa kijiwe cha vijana, na YouTube makao ya muziki, mahubiri na mahojiano. Lakini mauzo yenyewe hukamilikia WhatsApp, mtandao ambao machapisho yake hayaonekani na umma na kwa hiyo hauonekani katika taarifa nyingi za masoko. Tangu programu ya WhatsApp ya biashara ilipotolewa mwaka 2018, ikimwezesha muuzaji kuweka saa za kazi na majibu ya haraka, na baadaye orodha ya bidhaa, hata duka la vitenge la mtaani limeweza kuwa na kaunta ya pili isiyohitaji kodi ya pango.

Inafaa kuutazama mzunguko mmoja wa biashara hiyo kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna mkakati wote. Muuzaji aliyeko Kariakoo huweka kwenye stetasi picha za vitenge vilivyopangwa sakafuni na kuandika kwamba mzigo mpya umeingia, picha halisi, jumla na rejareja, mikoani tunatuma. Mwenye duka aliyeko Mnyuzi huzipakua picha zile, huongeza faida yake juu ya bei, kisha huziweka kwenye stetasi yake mwenyewe, ambako majirani, wanakwaya wenzake na wanachama wa vikoba huziona. Wanaotaka hujibu kwa ujumbe wa sauti, maana si kila mtu ana subira ya kuandika. Akishapata oda za kutosha hulipia kwa Lipa Namba, na muuzaji wa Kariakoo huufunga mzigo kwa gundi ya karatasi, huandika juu yake jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, huupeleka kwenye basi la usiku, kisha hutuma picha ya risiti pamoja na namba ya basi na ya kondakta. Alfajiri mzigo hushushwa Segera au stendi ya Korogwe, bodaboda huufuata, na jioni ya siku hiyo picha ya mteja aliyekwisha kushonesha kitenge chake hurudi tena kwenye stetasi.

Katika mzunguko huo hakuna tangazo hata moja lililolipiwa, lakini kila hatua imejenga au ingeweza kubomoa jina la mtu. Picha isiyofanana na kitambaa, risiti isiyotumwa, simu isiyopokelewa basi linapochelewa, kila kimoja kinatosha kumfanya mwenye duka ahamie kwa muuzaji mwingine na kuwaambia watu sababu. Wauzaji wenyewe wamelielewa hili kuliko wanavyolielewa baadhi ya washauri wao, na maneno mawili yanayorudiwa katika matangazo yao, yaani picha halisi, ni ushahidi wa soko lililokwisha kuumwa. Soko hilo limepitia ujumbe mashuhuri wa matapeli unaomwambia mtu ile pesa aitume kwa namba nyingine, limepitia kurasa zinazopokea malipo na kutoweka, na limepitia miradi ya upatu iliyojipamba kwa sura ya biashara ya mtandaoni. Tangu mwaka 2023, kuenea kwa programu za akili mnemba zinazotengeneza picha za vitu visivyokuwepo kumeongeza shaka hiyo, kiasi kwamba video fupi iliyopigwa dukani, yenye mwanga hafifu na sauti za wapita njia, huuza zaidi ya picha iliyosafishwa ikang'aa.

Kwa sababu hiyo desturi ya kuficha bei, ambapo chapisho humtaka mteja aulize kwa faragha, inapaswa kuhesabiwa kuwa kosa la kimkakati. Watetezi wake husema kwamba inamlinda muuzaji dhidi ya washindani na kwamba maswali mengi huufanya mtandao ulisambaze chapisho zaidi. Hoja hizo zina ukweli kidogo, lakini gharama yake ni kubwa, kwa kuwa bei iliyofichwa humfanya mteja wa mkoani ahisi kwamba atapangiwa kulingana na anavyoonekana, na mtu mwenye bando la siku moja hana muda wa kusubiri jibu litakalokuja kesho.

Mwelekeo unaozungumzwa zaidi katika miaka ya karibuni ni kupungua kwa nguvu ya ufuasi na kukua kwa nguvu ya algoriti, yaani kanuni za kikokotozi ambazo mtandao huzitumia kuamua ni chapisho gani limfikie nani. Zamani aliyeufuata ukurasa aliyaona machapisho yake. Mwezi Januari 2018 Facebook ilitangaza kuyapa kipaumbele machapisho ya ndugu na marafiki, na kurasa za biashara zikaona ufikiaji wao usiolipiwa ukishuka. TikTok ilikwenda mbali zaidi kwa kumpa mtazamaji video za watu asiowafuata kabisa, ikizichagua kwa kuangalia alichokitazama hadi mwisho, na Instagram ikaiga mwaka 2020 kwa video zake fupi. Matokeo yake ni kwamba mtu asiyejulikana anaweza kuonekana na mamilioni katika siku chache, huku kampuni yenye wafuasi laki kadhaa ikizungumza na watu wachache sana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea kwenye barabara ile ile inayokwenda Segera. Kijana mfugaji wa Kimaasai kutoka kijiji cha Mindu Tulieni, karibu na Lugoba mkoani Pwani, anayejulikana kama Kili Paul, alianza kuigiza nyimbo za filamu za Kihindi kwenye TikTok pamoja na dada yake Neema, na kufikia Februari 2022 alikuwa amepokelewa kwa heshima katika Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam na kutajwa na Waziri Mkuu Narendra Modi katika kipindi chake cha redio. Hakuwa na kampuni ya matangazo nyuma yake. Alikuwa na vazi lake, mandhari ya nyumbani, na uhodari wa kuziweka midomoni nyimbo ambazo hadhira kubwa tayari ilizipenda. Lakini mfano huo hutumiwa vibaya unapotolewa kama ushahidi kwamba kila bidhaa ya kijijini inaweza kutajirika kwa video. Kilichopata jina ni mtu, na hadhira yake ilikuwa India. Ng'ombe wa Lugoba hawakupata bei mpya kwa sababu hiyo, wala hapakuwa na bidhaa ya kijiji ambayo mtazamaji wa Mumbai angeweza kuiagiza. Umaarufu ni usikivu uliokopwa kwa muda, na usipokuwa na kitu cha kuufungia, huondoka ulivyokuja.

Hapo ndipo linapoingia suala la washawishi wa mitandaoni, yaani watu wenye wafuasi wengi wanaolipwa ili watumie au wasifie bidhaa. Tanzania imekuwa uwanja hai wa majaribio hayo, kwa kuwa wasanii wa Bongo Fleva na wa filamu ndio waliokuwa wa kwanza kupata wafuasi wa mamilioni. Diamond Platnumz alijaribu njia iliyo ngumu zaidi, ya kutoa bidhaa zake mwenyewe: mwaka 2017 aliingiza sokoni manukato ya Chibu na karanga zilizobeba jina lake. Wengi walizijua bidhaa hizo siku hiyo hiyo, kasi ambayo hakuna gari la matangazo lingeweza kuifikia. Hata hivyo karanga ni bidhaa ambayo muuzaji wa barabarani anayo kwenye sahani, imekaangwa asubuhi ile, kwa shilingi chache, na ili pakiti yenye jina la msanii ishinde kila siku inabidi ipatikane kila kona na isiwe na uvundo, mambo ambayo hayategemei msanii ana wafuasi wangapi.

Pembeni mwa washawishi kumezuka kundi la machawa, neno ambalo wahusika wenyewe wamelikubali na hata kujivunia, likimaanisha mtu anayeishi kwa kumsifia mwenye fedha au cheo. Chawa wa biashara husifia hoteli leo, simu kesho, na kampuni ya kubashiri kesho kutwa, kwa maneno yale yale. Kampuni zinazowalipa hununua kelele zilizo rahisi kuhesabika, na madhara yake si kupotea kwa fedha tu, maana kila sifa iliyotolewa bila kipimo hupunguza thamani ya sifa inayofuata, hata ile ya kweli. Mtu mmoja anayeaminika katika grupu la wazazi wa shule au la wakulima, aliyetumia mbegu fulani na kuonyesha shamba lake, ana uzito mkubwa zaidi kwa mauzo ya Korogwe kuliko nyota ambaye hajawahi kushika jembe. Wataalamu humwita mshawishi mdogo, ingawa mahali alipo hana udogo wowote.

Kampuni za simu hutoa somo jingine, la jinsi jina linavyokaa nje ya mitandao hata pale bajeti ya mitandao inapokuwa kubwa. Celtel ilikuja kuwa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010. Mobitel ikawa Buzz na kisha Tigo, na mwezi Novemba 2024 Tigo ikawa Yas, huku Tigo Pesa ikiitwa Mixx by Yas. Kampeni za mabadiliko hayo zilijaa kila skrini, lakini kwa mteja jina jipya lilithibitika lilipopakwa kwenye ukuta wa duka la wakala na kwenye mwavuli anaokaa chini yake, na hata baada ya hapo ulimi wa watu uliendelea na jina la zamani. Vilabu vya Simba na Yanga vina bahati ambayo kampuni hizo hazina, kwa kuwa vyenyewe vilikwisha kukaa katika familia tangu miaka ya 1930. Wasemaji wao wamegeuza utani wa jadi kuwa maudhui ya kila siku, na jezi mpya, Simba Day na Wiki ya Mwananchi hutangazwa kama sikukuu. Mtandao huko unachochea moto uliokuwa ukiwaka.

Sasa na yatazamwe machungwa. Ukanda wa Muheza pamoja na sehemu za Korogwe na Handeni hutoa machungwa ya msasa na ya Valencia yanayoliwa Dar es Salaam na kuvukishwa mpaka kwenda Kenya. Mara nyingi dalali hufika shambani matunda yakiwa mtini, hulikadiria shamba kwa macho, hulipa, na kuleta wachumaji wake. Mengine hufika barabarani yakipangwa kwa mafungu na kuuzwa dirishani mwa basi. Mlaji wa Kariakoo hujua kwamba chungwa ni la Tanga, basi. Hajui kijiji, hajui shamba, na akilikuta tamu hana namna ya kulirudia. Mkonge nao una hadithi nzito zaidi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliuleta mmea huo kutoka Florida, miche michache iliyosalimika ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, kabla nyuzi za plastiki na mabadiliko ya umiliki wa mashamba havijaiangusha biashara hiyo. Leo wakulima wadogo wa Korogwe, kupitia vyama vya ushirika vya msingi katika mashamba ya Hale, Magunga, Magoma, Mwelya na Ngombezi, wanaendelea kuzalisha singa, lakini singa hupangwa kwa madaraja na kuuzwa kwa tani, na anayezinunua China au Saudi Arabia haoni sababu ya kuujua mto Pangani.

Fursa zilizopita zinaonyesha gharama ya kukosa jina. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2009 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyuzi za Asili, na tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, hatua iliyoacha pengo kubwa mikononi mwa kila mnunuzi. Kwa sehemu kubwa pengo hilo lilizibwa na mifuko laini ambayo, ingawa huitwa mbadala, hutengenezwa kwa malighafi iliyo jamii ya plastiki. Kikapu cha mkonge chenye lebo ya mahali kilipotengenezwa kingekuwa na hoja ambayo hakuna mshawishi anayeweza kuibuni, tena kwa bei ya kitu kinachodumu. Hoja ilikuwepo, hadhira ilikuwepo, na sheria ilikuwa upande wake. Hapakuwa na jina ambalo mtu angeliandika kwenye sehemu ya kutafutia.

Majina ya mahali yanaweza kuuza, na ushahidi haupo mbali. Kahawa ya Tanzania huuzwa nchini Japani kwa jina la Kilimanjaro, na mnunuzi wa Kijapani huliona jina hilo kuwa ahadi ya ladha. Mchele wa Kyela umekuwa kipimo cha mchele wenye harufu nchi nzima. Lakini Kyela hiyo hiyo inaonya, kwa kuwa jina lisilolindwa hutamkwa sokoni hata juu ya magunia yaliyotoka kwingine, na mkulima wake huishia kushindana na kivuli chake. Kwa Tanzania Bara ulinzi ulio karibu ni kusajili alama kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, usajili unaodumu miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar imekwenda hatua zaidi kwa kuviingiza viashiria vya kijiografia, yaani majina ya mahali yanayobeba sifa ya bidhaa, katika sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008. Msimbo pau unaoanza na 620 huitambulisha bidhaa iliyosajiliwa Tanzania, na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, huifungulia milango ya maduka makubwa. Hatua hizi huonekana kuwa za ofisini na zisizo na mvuto, lakini ndizo zinazolifanya chapisho la mtandaoni liwe na kitu cha kuelekezea.

Kwa mzalishaji wa Mnyuzi, basi, mpangilio wa kazi ungekuwa kinyume cha ule unaofundishwa katika semina nyingi za mitandao. Kwanza daraja: machungwa yachambuliwe kwa ukubwa, yaliyochubuka yaende kwa wakamua sharubati, na tenga lijazwe kwa uaminifu, kwa maana ujanja wa kuficha mabaya chini umewachosha wanunuzi wa mazao yote. Pili jina fupi la mahali, lililosajiliwa na kubandikwa juu ya tenga pamoja na namba moja ya simu isiyobadilika. Tatu orodha ya wanunuzi wa mara kwa mara, yaani wenye mahoteli, wauza sharubati, na wenye magenge wa Tanga, Moshi na Dar es Salaam, wanaotumiwa picha halisi ya mzigo wa siku hiyo na bei yake kabla lori halijapakiwa. Baada ya hapo ndipo video fupi za shambani zinapokuwa na maana, na ndipo kulipia chapisho lisukumwe, au kuboosti kama wenyewe wanavyosema, kunapoweza kurudisha fedha. Kipimo cha mafanikio kiwe idadi ya wanunuzi waliorudi, na kila mteja mpya aulizwe alikotokea, swali ambalo halina gharama na ambalo hujibu zaidi ya takwimu za watazamaji.

Sheria zinazomhusu muuzaji wa mtandaoni zimeongezeka na zinahitaji kujulikana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza matangazo ya kupotosha, dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na vipodozi chini ya TBS tangu mwaka 2019. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazigusa hata namba za simu za wateja, hivyo mazoea ya kumwingiza mtu kwenye grupu la matangazo bila ridhaa yake yamekuwa zaidi ya usumbufu. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali wakazi.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo ni ya kujenga nyumba yote juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita. Mwezi Mei 2024 kukatika kwa nyaya za chini ya bahari kuliidhoofisha intaneti ya Afrika Mashariki. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Katika siku za namna hiyo muuzaji aliyekuwa na daftari la namba aliendelea kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi pale laini zilipokuwa wazi, ilhali aliyekuwa na wafuasi pekee hakuwa na wa kumpigia.

Kwa vyama vya ushirika hatari hiyo iko karibu zaidi. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja, akaunti ya WhatsApp hufunguliwa kwa laini hiyo, na nywila ya ukurasa hukaa kwenye simu ya kijana aliyejitolea kuusimamia. Uongozi ukibadilika au kijana akihamia mjini, orodha nzima ya wanunuzi huondoka mfukoni mwake, na chama hulazimika kuanza upya kama mtu asiyejulikana. TCRA inaruhusu laini kusajiliwa kwa jina la taasisi, na chama cha msingi chenye hati ya usajili kinastahili kuitumia ruhusa hiyo, kuandika nywila na akaunti zake katika orodha ya mali pamoja na mizani na stoo, na kuzikabidhi kwa saini katika mkutano mkuu viongozi wanapobadilishana ofisi.